John Keats: aliacha udaktari akafuata mashairi, akafa na miaka 25

Wadau, ukimuuliza mtu akutajie mshairi wa Uingereza atakwambia Shakespeare, halafu kimya. Leo tumwangalie mwingine, John Keats. Huyu alikufa na miaka 25 tu, umri wa wengi wenu mnaosoma hapa, na alikufa akiamini kabisa kwamba ameshindwa.

Msidhani alikuwa mtoto wa kishua. Alizaliwa London tarehe 31 Oktoba 1795, baba yake akisimamia banda la farasi wa kukodisha. Mwaka 1804 mzee akaanguka kutoka kwenye farasi, akafa. Mama naye akafariki 1810 kwa kifua kikuu. Watoto wanne wakabaki kwa bibi yao, na mlezi wao akawa mfanyabiashara wa chai aliyekuwa na mkono mgumu kwelikweli kwenye pesa. Kijana akatolewa shule na miaka 14, akapelekwa kujifunza kazi kwa daktari.

Mwaka 1815 akaingia hospitali ya Guy's, London. Kazi yake ilikuwa kufunga vidonda na kusaidia wapasuaji, na kumbukeni enzi hizo hakuna nusukaputi. Mtu anakatwa mguu huku anajiona! Mwaka 1816 akapata leseni ya kutoa dawa. Yaani kazi ya uhakika ipo mkononi, mlezi anasubiri matunda, jamaa akasema anaacha, anakwenda kuandika mashairi. Hebu fikiria ungemwambia hivyo baba yako mdogo aliyekulipia ada.

Kitabu cha kwanza kikatoka 1817, hakikuuzika. Cha pili, Endymion, kikatoka 1818, na hapo ndipo wahakiki walipomvaa. Jarida moja la Scotland lilimshauri arudi zake kwenye duka la dawa, maana mtoto wa ukoo mdogo kama yeye ushairi ameutolea wapi. Mshairi mwenzake Shelley, aliyemwombolezea kwa shairi refu mwaka 1821, alisaidia sana kueneza stori kwamba wahakiki hao ndio waliomuua. Mimi hiyo siikubali. Kilichomuua ni TB. Mwaka huohuo wa 1818 alikuwa anamuuguza mdogo wake Tom ndani ya vyumba vidogo, usiku na mchana, mpaka Tom akafa tarehe 1 Desemba na miaka 19. Kwamba ugonjwa ule unaambukiza kwa vijidudu ilikuja kuthibitishwa na Robert Koch mwaka 1882, wakati huo Keats yuko kaburini miaka 61.

Sasa ajabu ni mwaka 1819. Kafiwa, hana hela, na amempenda binti wa jirani pale Hampstead, Fanny Brawne, wakaahidiana ndoa lakini mahari ya kueleweka hakuna, kipato hakuna. Ndani ya mwaka huo ndipo akaandika karibu yote yanayomfanya akumbukwe. Kuna shairi la ndege mdogo anayeimba usiku: binadamu anazeeka na kuugua, ndege anaimba tu hajui habari hizo, na mshairi anatamani aondoke naye, halafu wimbo unakatika anabaki na maisha yake. Kuna lingine la mtungi wa Kigiriki wenye picha za wapenzi. Wale hawatazeeka kamwe, ila pia hawatabusiana kamwe. Ukishajua aliyeandika ni kijana ambaye hawezi kumuoa mchumba wake, mtungi ule hauwi tena habari ya makumbusho.

Februari 1820 alirudi nyumbani usiku amepigwa na baridi, akapanda kitandani, akakohoa. Akamwomba rafiki yake alete mshumaa ili aone tone lililodondoka kwenye shuka. Mtu mwingine angejipa moyo. Yeye alisoma udaktari, alimuuguza ndugu yake, rangi ile ya damu alijua maana yake, na akamweleza rafiki yake waziwazi kwamba hiyo ndiyo hati yake ya kifo.

Madaktari wakamtoa damu zaidi na kumnyima chakula, ndiyo ilikuwa tiba yenyewe jamani. Septemba wakampeleka Italia kukimbia baridi, akisindikizwa na mchoraji mmoja kijana, Joseph Severn. Barua za Fanny zilizomfikia mwishoni hakuthubutu kuzifungua, akazikwa nazo hivyohivyo. Alifia Roma tarehe 23 Februari 1821 mikononi mwa Severn. Na kinachoniuma mimi kuliko yote: muda wote ule alipokuwa anakopa, kulikuwa na urithi wake toka kwa babu umelala mahakamani London, na inaonekana hakuna aliyemwambia.

Aliomba jiwe la kaburi lisiwe na jina lake, liseme tu kwamba jina la aliyelala hapo liliandikwa juu ya maji. Jina kweli hawakuliandika. Severn aliishi mpaka 1879, akafa na miaka 85, na mwishowe akalazwa pembeni ya rafiki yake. Jiwe la Severn ndilo lenye jina la Keats, kwa hiyo mgeni akifika pale Roma husoma kaburi la jirani ndipo ajue huyu mwingine ni nani.