Gregory, aliyeusoma Mlima Kenya kwa nyundo

WAMERU huuita Kirimaara, Waembu Kirinyaga, na kwao wote ni mahali patakatifu tangu enzi za mababu. Mwaka wa 1893 alifika huko John Walter Gregory, Mwingereza wa umri wa miaka 29, akitaka kujua mlima huo uliumbwaje.

Hakuzaliwa katika usomi. Mwana huyu wa mfanyabiashara wa sufu jijini London aliingia kazini akiwa na miaka 15, akasoma jiolojia katika madarasa ya jioni hadi Jumba la Makumbusho la Uingereza likamwajiri mwaka wa 1887. Msafara mkubwa uliomleta Afrika Mashariki ulivunjika. Badala ya kurudi kwao, aliondoka Mombasa na wapagazi wapatao 40, kiongozi wao akiwa Omari bin Hamadi. Juu mlimani maji yaliganda vyunguni usiku, wapagazi wakaamini vimerogwa. Ni vigumu kuwalaumu, kwani watu wa pwani wangeijulia wapi barafu?

Teleki, aliyetangulia mwaka wa 1887, alidhani ameingia ndani ya kreta. Gregory alipinga. Kreta ilikwisha kumomonyoka zamani, na vilele vinavyoonekana ni uji wa moto uliogandia kooni mwa volkano. Ushahidi ulikuwa mawe yenyewe: uji uliopoa polepole ndani ya koo ulifanya mwamba wa chembe kubwa, ilhali uliomwagika nje ukapoa upesi, ukawa mweusi wenye kung'aa kama kioo, umetapakaa fuwele. Mwamba huo wa pili aliuita kenaiti mwaka wa 1900. Baadaye ulipatikana hata Kisiwa cha Ross, Antaktika.

Alitambua pia malundo ya mawe yaliyosukumwa na barafu, chini sana ya mahali barafu ilipokuwa wakati huo. Kwa maoni ya wengi, Bonde la Ufa ndilo lililompa sifa. Lakini ugunduzi huu wa barafu iliyorudi nyuma ndio unaowagusa zaidi wakulima wa Meru na Embu, wanaotegemea mito ya mlima huo.

Gregory alifundisha Melbourne, kisha Glasgow hadi 1929, na alirudi Kenya mwaka wa 1919. Alizama katika mto Urubamba, Peru, Juni 1932, akiwa bado kazini. Barafu ya Lewis, aliyoipa jina yeye mwenyewe, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Ile iliyoitwa kwa jina lake imetoweka kabisa.