George Gabriel Stokes na Mwanga Uliobadilika Rangi: Funzo kwa Mwalimu wa Sayansi

Wanachuo wengi wanaojiandaa kufundisha sayansi hudhani kwamba somo hilo haliwezi kufundishwa ipasavyo pasipo maabara yenye vyombo vya thamani. Maisha ya George Gabriel Stokes yatuonyesha vinginevyo. Kazi yake ndiyo msingi wa aina moja ya hadubini itumikayo leo kuchunguza seli, nayo ilianza kwa mwali wa jua na vipande vya kioo.

Stokes alizaliwa tarehe 13 Agosti 1819 katika kijiji cha Skreen, nchini Ireland, akiwa kitindamimba wa kasisi wa parokia. Mwaka 1837 aliingia Pembroke College katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na mwaka 1841 akashika nafasi ya kwanza katika mtihani wa hisabati. Mwaka 1849 aliteuliwa kuwa Profesa wa Hisabati, akakikalia kiti kile kile alichopata kukikalia Isaac Newton. Malipo yake hayakutosha, hivyo kwa muda alifundisha pia katika chuo cha madini mjini London.

Jambo lililomvuta lilikuwa dogo. Mwaka 1845 John Herschel alikuwa ameeleza kwamba maji yaliyoyeyushiwa kwinini, dawa ile chungu ya malaria, hayana rangi yakitazamwa kwa kuyapenya, lakini yakipigwa na jua hutoa mng'ao wa buluu karibu na uso wake. Jambo lilikwisha kuonekana. Maelezo yake ndiyo yaliyokosekana.

Stokes alikitia chumba giza, akauacha mwali mmoja wa jua upite katika tundu, kisha akaupitisha katika prisimu hadi ukatawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Akachukua neli ya kioo yenye maji ya kwinini, akaisogeza polepole kutoka penye nyekundu kuelekea penye urujuani. Katika sehemu kubwa ya safari hiyo hakikutokea kitu. Ilipofika mwisho wa urujuani neli ikaanza kung'aa buluu. Ilipovuka mpaka huo na kuingia mahali ambapo jicho huona giza tupu, iliendelea kung'aa.

Maana yake ilikuwa wazi. Mahali pale palikuwa na miali isiyoonekana. Kwinini iliipokea, ikatoa badala yake mwanga unaoonekana. Mwaka 1852 Stokes alitangaza matokeo hayo, na akaliita jambo hilo fluoresensi, kutokana na jina la madini ya fluorspa, ambayo baadhi yake hung'aa vivyo hivyo. Madini hayo yalichimbwa kwa miaka mingi katika Bonde la Kerio, nchini Kenya. Aliweka pia kanuni kwamba mwanga utokao huwa na mawimbi marefu kuliko ule ulioingia. Leo twajua sababu. Ni kama mtoto aliyetumwa dukani na noti: akinunua kitu, chenji anayorudi nayo ni pungufu ya fedha aliyokwenda nayo. Sehemu ya nishati hupotea njiani kama joto, na mwanga wenye nishati pungufu ndio wenye mawimbi marefu zaidi.

Stokes alibuni pia njia isiyohitaji prisimu. Aliweka kioo cha buluu penye tundu la mwanga, na kioo cha manjano mbele ya jicho. Vioo hivyo viwili pamoja huzuia karibu mwanga wote. Basi kitu kikionekana kung'aa kupitia kioo cha manjano, mng'ao huo hauwezi kuwa mwanga wa dirishani. Umezaliwa ndani ya kitu chenyewe.

Hiyo ndiyo kanuni ya hadubini ya fluoresensi, iliyoanza kutengenezwa katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Kichujio cha kwanza huruhusu mwanga wenye mawimbi mafupi tu uifikie seli iliyotiwa rangi maalumu. Kichujio cha pili huuzuia mwanga huo usifike jichoni, na kuupitisha ule tu uliotolewa na rangi. Kwa hiyo sehemu iliyoshika rangi huonekana iking'aa katika giza, kama nyota usiku. Kwa njia hiyo wataalamu wa hospitali huvitambua vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi ya mgonjwa kwa haraka zaidi kuliko kwa hadubini ya kawaida.

Stokes alikuwa katibu wa Royal Society tangu 1854 hadi 1885, kisha rais wake hadi 1890. Katika miaka hiyo alitumia muda mwingi kusahihisha na kuboresha maandishi ya wengine. Alifariki Cambridge tarehe 1 Februari 1903, akiwa bado profesa.

Mwalimu wa shule ya msingi apate nini hapa? Kwanza, kuona si kuuliza. Waliouona mng'ao wa kwinini ni wengi. Aliyeuliza ni rangi ipi hasa iuletayo ndiye aliyefungua mlango. Pili, alibadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Tatu, vyombo vyake vingi vyaweza kupatikana hata kijijini.

Jaribu hili darasani. Ponda majani mabichi katika spiriti, mbali kabisa na moto, kisha uchuje kwa kitambaa. Tia maji hayo ya kijani katika chupa nyeupe. Funga madirisha, uache mwali mmoja wa jua uipige chupa, na wanafunzi waitazame kwa ubavuni. Kamwe wasilitazame jua. Wataona wekundu hafifu mahali mwali unapoingia, kwa maana klorofili nayo, kama Stokes alivyochunguza, hupokea mwanga na kutoa mwingine. Usiwaambie mapema watakachokiona. Waulize kwanza wanatarajia rangi gani, waandike, ndipo watazame. Mtoto akishangaa kuona wekundu ndani ya ukijani, atauliza sababu mwenyewe, na hapo ndipo somo linapoanza.