Graham Bell: Mvumbuzi wa simu na viziwi aliowapenda

Kila mmoja wetu leo ana simu mfukoni, na wapo wenye mbili au tatu. Ukiwauliza wanafunzi ni nani aliyeivumbua, watakujibu haraka kuwa ni Alexander Graham Bell, na habari inaishia hapo. Limekuwa ni jina la kujibia mtihani. Wiki hii nimeona nimzungumzie mtu huyu, kwani maisha yake yana funzo kubwa kwetu sisi walimu na wazazi. Wengi hawajui kwamba Bell hakuwa fundi wa umeme. Alikuwa mwalimu wa viziwi.

Bell alizaliwa Edinburgh, Scotland, tarehe 3 Machi 1847. Babu yake alikuwa mwalimu wa matamshi, na baba yake, Melville Bell, aliendeleza kazi hiyo. Mwaka 1867 mzee huyo alichapisha kitabu cha alama maalumu zinazoonesha jinsi ulimi, midomo na koo vinavyokaa wakati wa kutamka kila sauti. Mama yake, Eliza, alikuwa mzito wa kusikia, lakini alipiga piano. Kijana Bell alizoea kuzungumza naye kwa herufi za vidole, au kwa kusogeza mdomo karibu na paji la uso wake na kusema kwa sauti nzito ya taratibu. Kwa hiyo swali la jinsi sauti inavyosafiri halikumjia kutoka maabara. Lilimjia kutoka kwa mama yake mzazi.

Familia hiyo ilipatwa na msiba juu ya msiba. Kifua kikuu kilimwua mdogo wake mwaka 1867 na kaka yake mwaka 1870. Wazazi wakaamua kuhama na mtoto wao pekee aliyebaki, wakaenda kuishi Brantford, Kanada. Mwaka 1871 Bell akaenda Boston, Marekani, kufundisha watoto viziwi kutamka maneno kwa kutumia zile alama za baba yake. Miaka miwili baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Boston.

Hapo ndipo simu ilipoanzia. Bell alitaka chombo kitakachomwezesha mtoto kiziwi kuiona sauti kwa macho, apate kulinganisha matamshi yake na ya mwalimu. Mwaka 1874, kwa msaada wa daktari mmoja wa masikio, alitumia sikio la maiti, akaliunganisha na unyasi uliochora mistari kwenye kioo kilichopakwa masizi kila aliposema. Akaona jinsi ngozi nyembamba ya kiwambo cha sikio inavyoweza kutikisa mifupa iliyo mizito kuliko yenyewe. Akajiuliza, ikiwa ngozi hii inatikisa mfupa, kwa nini kiwambo kikubwa zaidi kisitikise chuma mbele ya sumaku, na mtikisiko huo ukasafiri kwenye waya kama mkondo wa umeme?

Alishirikiana na fundi kijana, Thomas Watson. Tarehe 2 Juni 1875 Watson aligusa kipande cha chuma katika chumba kimoja, na Bell akasikia mlio wake katika chumba kingine. Tarehe 7 Machi 1876 alipewa hataza, yaani hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya pekee juu ya uvumbuzi wake. Siku tatu baadaye Watson akasikia kupitia waya sauti ya Bell ikimwita aje. Mwezi Juni mwaka huohuo, kwenye maonesho makubwa ya Philadelphia, Mfalme Dom Pedro wa Brazili alimtambua Bell kwa sababu walikutana kabla huko Boston, kwenye kazi ya kufundisha viziwi. Mfalme alipoisikiliza simu, watu wote wakageuka kumtazama yule mwalimu.

Kwa insafu ni lazima tuseme kwamba hakuwa peke yake. Mmarekani Elisha Gray aliwasilisha maelezo ya chombo kama hicho siku ileile, tarehe 14 Februari 1876, ambayo Bell aliwasilisha maombi yake. Mwitaliano Antonio Meucci alikwisha kuandikisha taarifa ya chombo chake tangu mwaka 1871, lakini baada ya 1874 hakuweza kulipia kuihuisha. Mwaka 2002 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kuitambua kazi ya Meucci. Kesi zilikuwa mamia, na mwaka 1888 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali hataza za Bell.

Je, mali ilimlewesha? Hapana. Julai 1877 alimwoa Mabel Hubbard, aliyekuwa mwanafunzi wake, binti aliyepoteza usikivu utotoni kwa sababu ya homa kali. Siku ya harusi alimkabidhi hisa zake zote za kampuni ya simu isipokuwa 10 tu. Sisi tungesema hiyo ni mahari nono! Fedha za tuzo aliyopewa na Ufaransa mwaka 1880 alizitumia kwa utafiti na kwa kazi ya viziwi. Helen Keller, mtoto aliyekuwa haoni wala hasikii, alipopelekwa kwa Bell mwaka 1886, ni yeye aliyemwelekeza baba wa mtoto huyo mahali pa kupata mwalimu.

Lakini mtu huyuhuyu aliwaumiza viziwi, na hili vitabu vya shule havilisemi. Bell aliamini kwamba kiziwi ni lazima afundishwe kutamka na kusoma midomo, na kwamba lugha ya alama inamtenga na jamii. Mwaka 1880, mkutano wa kimataifa wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, ulipitisha msimamo huohuo. Bell hakuhudhuria, na karibu wajumbe wote walikuwa watu wanaosikia. Mwaka 1883 aliwasilisha mbele ya wanasayansi wa Marekani andiko lililoonya kuwa viziwi wakiendelea kuoana wao kwa wao, kutatokea aina ya binadamu viziwi. Hakupendekeza sheria ya kuwazuia kuoana, bali alitaka shule zao za pamoja, walimu viziwi na lugha ya alama viondolewe.

Aliyempinga sana ni Edward Gallaudet, mkuu wa chuo cha viziwi cha Washington. Gallaudet naye alizaliwa na mama kiziwi! Ila yeye alikua akiiona lugha ya mikono ikitosheleza nyumba nzima. Mwaka 1891 alipoomba fedha za Bunge ili kufundisha walimu, Bell alikwenda kupinga.

Matokeo yalikuwa nini? Walimu viziwi walipoteza kazi, na katika shule nyingi mtoto aliyekutwa akizungumza kwa mikono aliadhibiwa. Hofu ya Bell nayo haikuwa na msingi, kwani leo inajulikana kuwa zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Ilipofika mwaka 2010, mkutano kama ule wa Milan, safari hii Vancouver, Kanada, uliyakataa maazimio yale na kueleza majuto. Mwaka huohuo Katiba mpya ya Kenya iliiweka Lugha ya Alama ya Kenya miongoni mwa lugha rasmi za Bunge.

Bell alifariki Kanada tarehe 2 Agosti 1922. Siku ya mazishi yake simu zote za Amerika Kaskazini zilinyamazishwa kwa dakika moja.

Ndugu msomaji, Bell hakuwa mtu mbaya. Aliwapenda viziwi maisha yake yote, akaishi nao na kuwatumikia. Kosa lake ni kuamua kwa niaba yao bila kuwauliza. Nasi tunao watoto wa namna hiyo majumbani na madarasani. Wako wazazi wanaowaficha, na wako walimu wenzangu wanaowakalisha nyuma ya darasa kwa kuwa hawajui waseme nao nini. Tuanze kwa kujifunza lugha yao, japo maneno machache ya salamu. Leo ukipita vituo vya daladala utawaona vijana viziwi wameinua simu mbele ya nyuso zao, wakizungumza kwa mikono na wenzao walio mbali, huku wakicheka. Wanatumia kizazi cha chombo alichokianzisha Bell, kwa lugha ileile aliyotaka iondoke.