Annalena Tonelli, Wajir na Tuzo ya Nansen



Kila mmoja wetu aliyepata kibali cha ukaazi Qatar anaikumbuka siku ya vipimo. Unapanga foleni, unatolewa damu, kisha unasimama mbele ya mashine, unaambiwa uvute pumzi uishike, na unapigwa picha ya kifua. Kinachotafutwa zaidi katika picha ile ni kifua kikuu, yaani TB. Baada ya ibada tumeulizwa mara nyingi kwa nini dawa za TB zinywewe kwa miezi sita, tena mbele ya macho ya muuguzi, hata kama kikohozi kimekwisha wiki ya tatu. Sehemu ya jibu inapitia Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, kwa mwanamke ambaye hakuwa daktari wala muuguzi, wala hata mtawa, ingawa wengi walidhani ni sista.

Annalena Tonelli alizaliwa tarehe 2 Aprili 1943 katika mji wa Forlì, Italia. Alisomea sheria. Akiwa bado kijana aliwahudumia maskini wa mji wake kwa miaka sita, halafu Januari 1969, akiwa na miaka 25, akaja Kenya. Alianza kwa kufundisha shule, na muda si mrefu akafika Wajir, nchi ya mchanga, ngamia na visima, kwa Wasomali wa Kenya. Pale, pamoja na wanawake wenzake wachache kutoka Italia, alianzisha makao ya watoto walemavu. Wagonjwa wa TB aliwaona wakifa wamekataliwa hata na jamaa zao, maana ugonjwa ule ulikuwa aibu kubwa. Akaanza kuwatunza. Vyeti vya tiba alivitafuta baadaye.

Shida ya TB kwa wafugaji wanaohamahama ni rahisi kuieleza na ngumu kuitatua. Matibabu ya zamani yalichukua mwaka mzima au zaidi. Mvua ikinyesha mbali, familia inafuata malisho, na mgonjwa anaondoka nayo. Sisi wauguzi tunalijua hili hata hapa mjini: mgonjwa akipata nafuu mwezi wa pili, anaona dawa ni mzigo. Vijidudu vilivyobaki mwilini havijafa, na vikirudi vinarudi vikiwa sugu.

Mwaka 1976 Annalena alipewa kusimamia mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani. Badala ya kuwafungia wagonjwa wodini, aliwakaribisha wajenge vibanda vyao wenyewe, kama vile walivyozoea, kwenye uwanja ulioitwa Manyatta ya TB. Waliishi pale miezi sita, wakameza dawa kila siku mbele ya mhudumu, na mwisho wakaenda zao wamepona. Miaka ya tisini Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwa mataifa yote utaratibu wa kumeza dawa chini ya uangalizi, Wajir walikuwa wameshaufanya kwa muda mrefu.

Basi, kama angeishia hapo, tungemkumbuka kama mtu wa afya tu. Lakini ikaja Februari 1984.

Tarehe 10 mwezi huo vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia na kuwapeleka uwanja wa ndege wa Wagalla, nje kidogo ya mji wa Wajir. Ilisemekana ni operesheni ya kuwanyang'anya silaha. Walivuliwa nguo, wakalazwa juu ya uwanja wenye moto wa jua, siku kadhaa bila chakula wala maji. Waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Miili ilipakiwa kwenye malori na kutupwa porini, na pamoja nayo watu waliokuwa bado wanapumua.

Annalena na wenzake waliingia porini kwa gari kuwatafuta. Waliokuwa hai waliwatibu, waliokufa waliwazika. Kisha akafanya jambo ambalo kwetu sisi ndilo kiini cha maisha yake: akaandika majina. Orodha ya waliouawa, pamoja na picha, ilitolewa Wajir kwa siri ikawafikia wanabalozi Nairobi, na dunia ikajua. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Mwaka 2000 ilikiri bungeni kwamba ni 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilitaja idadi inayokaribia elfu moja, na wenyeji wanasema ni zaidi ya hapo.

Anayefanya kazi wodini ataelewa. Mtu aliyezoea kumwangalia mgonjwa mmoja mmoja kila asubuhi hawezi kukubali kuambiwa kwamba watu walikuwa 57, wakati yeye mwenyewe ameokota zaidi. Angeweza kunyamaza ili aendelee na wagonjwa wake. Hilo lilikuwa jaribu la kweli, kwa sababu manyatta ilimhitaji. Alikamatwa, akatishiwa maisha, na mwaka 1985 ikambidi aondoke Kenya baada ya miaka 16.

Alivuka akaingia Somalia. Alifanya kazi Beledweyne, Mogadishu, halafu Merca, ambako wakati wa njaa na vita alilisha maelfu. Alipigwa, aliporwa, aliwahi kutekwa. Mwaka 1995 daktari mwenzake Mwitaliano, Graziella Fumagalli, aliyechukua nafasi yake katika hospitali ya TB ya Merca, aliuawa pale pale. Mwaka uliofuata Annalena alihamia Borama, Somaliland, akaanza upya: hospitali ya TB, shule ya watoto viziwi na walemavu, upasuaji wa mtoto wa jicho kwa madaktari waliokuja kwa zamu, na mafunzo dhidi ya ukeketaji. Alipoanza kuwapokea wenye UKIMWI, wapo waliomrushia mawe.

Aliishi kati ya Waislamu zaidi ya miaka 30. Alijifunika kichwa kama wanawake wa pale, hakuhubiri, na imani yake hakuificha. Hakuwa na mshahara wala akiba. Sisi tulioko Doha kwa ajili ya mshahara, wenye ada za shule za kutuma nyumbani kila mwezi, hatuwezi kuishi hivyo, na hatuoni kwamba alimdai mtu yeyote aishi hivyo.

Juni 2003 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, lilimwita Geneva kumpa Tuzo ya Nansen. Tuzo hii ilianza mwaka 1954, na wa kwanza kuipokea alikuwa Eleanor Roosevelt. Imepewa jina la Fridtjof Nansen, Mnorwe aliyekuwa kamishna wa kwanza wa wakimbizi wa Shirikisho la Mataifa. Watanzania wataikumbuka kwa Mwalimu Nyerere, aliyeipokea mwaka 1983. Annalena hakupenda kupigwa picha wala kusifiwa, lakini safari hii alikwenda, akaongea habari za wagonjwa wake, akarudi Borama.

Jioni ya tarehe 5 Oktoba 2003 alikuwa ndani ya eneo la hospitali yake. Watu wenye bunduki wakampiga risasi kichwani. Alikuwa na miaka 60. Mwili wake ulisafirishwa Kenya, nchi iliyomfukuza, na majivu yake yakarudishwa Wajir.