Marehemu Mzee Rashidi Kawawa na watumishi wa Serikali

Familia nyingi hapa visiwani zina mtoto au ndugu anayefanya kazi kwenye wizara ya Muungano kule Dodoma. Basi inafaa tumjue Muislamu aliyekuwa Waziri Mkuu pale uamuzi wa kuhamia huko ulipopitishwa: Mzee Rashidi Mfaume Kawawa, Allah amrehemu.

Alizaliwa Songea mwaka 1926, akasoma Tabora, kisha akawa karani wa Serikali Dar es Salaam. Aliongoza chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, na mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika. (Wazee wengine humkumbuka zaidi kwa sinema ya Muhogo Mchungu.)

Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia yeye. Nchi ilikuwa huru, lakini nafasi nyingi za juu serikalini bado zilikuwa za Waingereza. Kawawa aliunda tume ya kuziweka mikononi mwa Waafrika, na wakuu wa majimbo wa kikoloni wakapisha wakuu wa mikoa wazalendo. Wasomi walikuwa wachache mno. Aliyekuwa msaidizi jana alikabidhiwa ofisi nzima leo.

Mwaka huohuo zilipita sheria za kubana migomo na kuwazuia watumishi wa ngazi za juu kujiunga na vyama vya wafanyakazi. Wenzake wa zamani waliumia, na kwa maoni yangu walikuwa na sababu: mlango aliopitia yeye ulifungwa nyuma yake. Wanaomtetea husema serikali changa isingestahimili migomo. Huenda ni kweli, lakini aliyelipa ni mfanyakazi.

Alirudi kuwa Waziri Mkuu mwaka 1972, wakati wa madaraka mikoani. Watumishi wengi walihamishwa kutoka Dar es Salaam, na Mzumbe kikaanzishwa chuo cha kuwafunza uongozi wa maendeleo. Halmashauri za wilaya nazo zikafutwa, hadi ziliporudishwa miaka ya 1980.

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma katika miaka 10. Nchi kavu ya Wagogo, maji ya shida, fedha haba. Wizara nyingi zikabaki pwani. Mzee Kawawa alifariki tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa Madale, Dar es Salaam. Uhamisho mkubwa wa watumishi ulianza 2016.