César Ritz: mutu aliyejua kulisha wageni hata jiko likikatala

Mugeni anafika kwenye hoteli kubwa, analipa bei ya juu, anapewa menyu ya kurasa nane. Anaomba samaki, anaambiwa imeisha. Anaomba mbuzi, anaambiwa angoje kesho. Wasikilizaji wetu wa Goma, Bukavu ao Bunia waliowahi kuikala kwenye kiti kile wanajua ile hasira. César Ritz, ambaye jina lake lingali kwenye milango ya hoteli za matajiri, alipita maisha yake yote akipigana na shida hiyo.

Alizaliwa mwezi wa 2, 1850, mu kijiji cha Niederwald, milimani mwa Valais, inchi ya Uswisi. Alikuwa mutoto wa 13 wa mulimaji. Walimutuma muji wa Brig ajifunze kazi ya divai; patron wake akamufukuza, akisema kazi ya hoteli si yake. Mwaka 1867 alifika Paris, akafanya kazi ndogo-ndogo, akapanda polepole mpaka Voisin, restora ya watu wakubwa.

Halafu vita ikaingia. Kuanzia mwezi wa 9, 1870, Waprusia walizunguka muji na chakula kikakatika. Watu wakakula farasi, paka, hata panya. Tembo wawili wa bustani ya wanyama, Castor na Pollux, wakachinjwa, na Voisin ikapikia wateja wake nyama ya tembo. Njaa ilikuwa inje, lakini mu restora watumishi waliendelea kuhudumia kama siku zote. Mimi naona pale ndipo kijana alijifunza kwamba mugeni anaweza kuvumilia sahani kubadilika, lakini kudharauliwa havumilie.

Kisha akapata kazi ku hoteli ya Rigi-Kulm, juu ya mulima. Inasimuliwa kwamba siku moja ya baridi kali mashine ya kupasha nyumba moto iliharibika, na Wamarekani 40 walikuwa njiani kuja kula. Sala kubwa ilikuwa kama barafu. Ritz akahamisha meza mu chumba kidogo chenye mapazia mekundu. Akatosha mimea mu vyungu vikubwa vya shaba, akavijaza alkoli, akawasha moto. Matofali yakapashwa mu jiko, yakafungwa na vitambaa, kila mugeni akawekewa moja chini ya miguu. Mwanzo ilikuwa supu ya moto sana, mwisho chapati za kifaransa zinazowaka moto. Huduma ilikuwa imepunguka kabisa, lakini wageni waliondoka wakimusifu.

Tangu 1884 alikuwa pamoja na mupishi Auguste Escoffier, kwanza Monte Carlo, kisha Savoy ya London. Matajiri waliwafuata kila pahali. Lakini tusimufanye mutakatifu: mwezi wa 3, 1898, Savoy iliwafukuza wote wawili, juu ya hesabu za divai na pombe kali zilizopotea, maelfu ya pauni. Tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka ule ule alifungua hoteli yake, Place Vendôme, Paris. Mwaka 1899 ikafuata Carlton ya London.

Ni Carlton ndiyo ilimuvunja. Mufalme Edward VII alipashwa kuvikwa taji tarehe 26 mwezi wa 6, 1902. Vyumba vilijaa, karamu ilipangwa, chakula kiliagizwa toka mbali. Siku mbili mbele, mufalme akapasuliwa tumbo na sherehe ikaahirishwa. Ritz mwenyewe aliingia mu sala ya kulia, akawapasha wageni habari. Siku ile yote alipokea waliovunja maagizo yao, akiwajibu kwa upole. Magaribi akaanguka.

Fikirieni: baridi ya mulima aliiweza, njaa ya vita aliipita, na siku jiko lilikuwa limejaa, walaji hawakuweko.

Nguvu zake hazikurudia tena vizuri. Ritz ya London ilifunguliwa 1906, lakini yeye alikuwa akizimika polepole. Alikufa mwezi wa 10, 1918, Küssnacht, inchi yake ya Uswisi, kisha kuikala miaka mingi bila kufanya kazi. Bibi yake Marie-Louise alibakia kuchunga hoteli ya Paris.