Rosenwald: Tajiri aliyefunzwa kutoa na waliopokea

Julius Rosenwald hakusomea popote kazi ya kugawa fedha. Enzi zake kazi hiyo haikuwa na darasa wala mtaala. Siku hizi kijana anayeajiriwa na wakfu au shirika la ufadhili hupelekwa kwanza kwenye warsha, akafunzwe kusoma maombi ya ruzuku, kuchunguza bajeti na kukagua miradi nyanjani. Mengi ya mambo hayo tajiri huyu wa Chicago na maafisa wake waliyajifunza wakiwa kazini, na karo ya masomo hayo mara nyingine ililipwa na maskini.

Alizaliwa Springfield, jimbo la Illinois, mnamo Agosti 12, 1862. Babake alikuwa Myahudi aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani na kujipatia riziki kwa kuuza nguo. Rosenwald hakumaliza shule ya upili. Alipofika umri wa miaka 16 alitumwa New York kwa wajomba zake kujifunza biashara ya nguo, na baadaye akahamia Chicago. Mwaka 1895 alijiunga na Sears, Roebuck, kampuni iliyowauzia wakulima kila kitu, kuanzia saa hadi cherehani, kwa njia ya posta. Kufikia 1908 alikuwa rais wa kampuni hiyo na mmoja wa matajiri wakubwa wa mji wake.

Mwaka huo huo wa 1908, wazungu wa Springfield alikozaliwa waliwavamia majirani zao weusi, wakaua na kuchoma nyumba. Kule Chicago, Rabi Emil Hirsch wa hekalu alikosali Rosenwald hakuchoka kuwahubiria matajiri kwamba kutoa ni deni wala si fadhila. Mwaka 1910 Rosenwald alisoma maisha ya Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa na kuja kuongoza chuo cha Tuskegee jimboni Alabama. Mwaka uliofuata walikutana ana kwa ana.

Kwa mtu anayetaka kujua jinsi ufadhili unavyofanya kazi, uhusiano wa wawili hawa ndio kiini cha habari. Rosenwald alikuwa na fedha na alijua hesabu. Washington alijua vijiji. Alijua kwamba katika majimbo ya kusini watoto weusi walisomea makanisani na vibandani, huku serikali za majimbo zikimtengea mtoto mweusi sehemu ndogo mno ya fedha alizotengewa mzungu. Rosenwald alipotimiza miaka 50, mnamo Agosti 1912, aligawa karibu dola 700,000 kwa shughuli mbalimbali. Dola 25,000 kati ya hizo zilipewa Tuskegee ili kusaidia vyuo vilivyofuata mfano wake. Ni Washington aliyeomba sehemu ya fedha hizo itumike kujenga shule sita ndogo za mashambani. Wazo halikutoka Chicago.

Shule ya kwanza, karibu na Loachapoka, Alabama, ilikamilika mwaka 1913. Rosenwald alitoa dola 300. Kiasi kilichobaki, ambacho kilikuwa kikubwa zaidi, kilitoka kwa wenyeji kwa fedha taslimu na kwa nguvu za mikono yao. Huo ndio uliokuwa mtindo wa miaka 20 iliyofuata: mfadhili hutoa sehemu, wanakijiji hulingana naye, na serikali ya eneo hukabidhiwa ardhi na jengo ili ilipe walimu na kuitunza shule. Sharti hilo la mwisho lilikuwa la maana kuliko yote, kwa sababu liliwabana viongozi wa kizungu wakubali kwamba elimu ya mtoto mweusi ni jukumu la umma.

Msomaji aliyewahi kuchangia harambee ataitambua picha iliyofuata. Akina mama walipika na kuuza vyakula. Wenye kuku waliuza kuku. Kulikuwa na vijiji vilivyotenga shamba la pamba, vikalima kwa pamoja na kutoa mavuno yote kwa ajili ya shule. Programu ilipofungwa mwaka 1932, shule 4,977 zilikuwa zimejengwa katika majimbo 15 kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 28. Wakfu wa Rosenwald ulitoa takriban milioni 4.4. Watu weusi, wengi wao wakulima wasio na ardhi yao wenyewe, walitoa milioni 4.7.

Takwimu hizo husimuliwa kwa fahari, na ni haki. Lakini zina upande wa pili. Watu hao walikuwa tayari wamelipa kodi, na kodi yao ilijenga shule za wazungu. Walipochanga tena walitozwa mara mbili kwa haki moja, na mfumo wa mfadhili ulitegemea wao kukubali kutozwa hivyo. Isitoshe, Rosenwald hakuupinga utaratibu wa shule za kubagua rangi. Alijenga ndani yake. Watetezi wake husema bila hivyo zisingejengwa kabisa, na nadhani hawakosei. Hata hivyo anayetunga masharti ya kuchangia huko Chicago hana budi kujiuliza ni nani hasa anayechangia na kwa nini.

Ukaguzi nao ulikuwa somo chungu. Mwanzoni kazi yote iliendeshwa na maafisa wachache wa Tuskegee, na baada ya Washington kuaga dunia mwaka 1915 maombi yakawazidi. Mtaalamu wa majengo ya shule aliyetumwa mwaka 1919 alikuta baadhi ya majengo yamejengwa vibaya. Mwaka 1920 ofisi ilihamishiwa Nashville, ikatoa ramani za kufuatwa, hadi jinsi madirisha yatakavyopokea mwanga. Majengo yaliimarika, ingawa uamuzi ulitoka mikononi mwa wasomi weusi wa Tuskegee.

Rosenwald hakupenda wakfu wa milele. Aliamini wadhamini wa kizazi kijacho wataijua shida ya siku zao kuliko marehemu, akaandika hivyo katika jarida la Atlantic Monthly mwaka 1929. Aliagiza fedha zote zitumike ndani ya miaka 25 baada ya kifo chake. Alifariki Januari 6, 1932, wakati hisa za Sears, zilizokuwa tegemeo la wakfu, zilikuwa zimeporomoka. Wadhamini walifunga hesabu mwaka 1948, mapema kuliko alivyotaka.

Kabla ya hapo walikuwa wamewafadhili wasomi na wasanii kadhaa, akiwemo Ralph Bunche, aliyefanya utafiti wake wa uzamifu Afrika Magharibi kwa ruzuku hiyo. Bunche ndiye aliyekuja kufunzwa Kiswahili na Jomo Kenyatta jijini London mwaka 1937, na mwaka 1950 akatuzwa Nobel ya Amani.

Rosenwald pia alikataa jumba la makumbusho ya sayansi alilolifadhili Chicago liitwe kwa jina lake. Mwaka 2024 jumba hilo lilipewa jina la tajiri mwingine. Shule zake nyingi zilifungwa baada ya mahakama kuharamisha ubaguzi shuleni mwaka 1954, na kufikia 2002 zilizosalia ziliorodheshwa miongoni mwa majengo ya kihistoria yaliyo hatarini nchini humo. Kadhaa zimekarabatiwa tangu hapo, mara nyingi kwa michango ya waliosomea humo.